Jahazi Lililopanda Milima ya Chai

Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, mwezi wa Agosti 2024, nami nimekaa barazani kwangu Mombasa nikingoja kahawa, simu yangu ikalia. Nambari sikuijua. Sauti ilikuwa ya kijana, wala hakunisalimu. Aliniuliza kama mimi ndiye mjomba wa fulani, akamtaja mpwa wangu kwa majina yake yote matatu. Nilipoitikia, akasema: "Mpwa wako ni mwizi, amekula fedha za watu. Mwambie alipe leo kabla ya saa kumi na mbili." Kisha akakata.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu mzima. Madeni nimeyaona mengi katika mitaa yetu. Nimewaona wadai wakija mlangoni wakapiga hodi, wakakaribishwa ndani, wakapewa maji ya kunywa, ndipo wakasema lililowaleta. Lakini mdai wa kumpigia simu mjomba wa mdaiwa, mtu asiyemjua na wala hakuwa shahidi wa deni lenyewe, huyo nilikuwa sijapata kumwona. Usiku ule nilimpigia mpwa wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema neno moja tu: "Mjomba, njoo." Kesho yake nikapanda basi.

Mpwa wangu huyu anakaa Litein, katika kaunti ya Kericho. Alikwenda huko miaka kumi na mbili iliyopita kwa kazi ya kuendesha lori, akaoa binti wa Kikipsigis, akaacha lori na kufungua duka dogo la bidhaa za nyumbani. Mkewe amepewa na babaye nusu eka ya chai, naye huichuma mwenyewe.

Hapana budi niseme pia kwamba chai si jambo geni kwangu. Kwa muda wa miaka ishirini na sita nilikuwa karani katika ghala la chai Shimanzi. Mifuko yenye majina ya viwanda vya Kericho na Bomet imepita mikononi mwangu kwa maelfu: Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros, Tirgaga. Majina hayo nayajua kama ninavyoyajua ya wanangu, lakini mche wa chai wenyewe nilikuwa sijauona kwa macho. Mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na hadi leo chai ya nchi kadhaa za Afrika huuzwa hapa kwetu. Ila tangu mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, nyundo ya mnadi ilinyamaza, na wanunuzi wakawa wananunua kwa kubonyeza kompyuta. Nilidhani hayo ndiyo mageuzi ya mwisho nitakayoyaona katika biashara ya chai. Kumbe nilikuwa sijaona kitu.

JAHAZI NI NINI?

Basi liliniteremsha Kericho alfajiri, baridi ikiuma kama sindano. Nilisali katika msikiti wa mjini, nikapanda matatu ya Litein. Kulipokucha nikaiona chai. Imetandazwa juu ya vilima mpaka macho yanapoishia, imekatwa sawasawa kama jamvi jipya. Upande mmoja ni mashamba makubwa yaliyoanzwa na makampuni ya Kiingereza katika miaka ya 1920, na upande wa pili ni vishamba vya wenyeji, kila mtu na mistari yake.

Nilimkuta mpwa wangu dukani. Alinipokea kwa adabu, akaniletea chai ya maziwa, lakini macho yake hayakutulia. Kabla hatujapata kuzungumza, aliingia mzee mmoja mwenye koti zito na fimbo. Alikuwa baba mkwe wake. Tuliamkuana, akakaa juu ya kreti la soda, kisha akamnyoshea mkwewe simu yake ndogo, akasema: "Hebu nitolee jahazi. Sina hata shilingi, na nataka kuongea na kijana wangu Nairobi."

Nilishtuka kidogo. Jahazi, huku milimani? Nikamwuliza, "Mzee, jahazi ni nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. "Ni deni ya simu," akasema. "Ile ndogo. Unapewa ya kuongea, halafu ukiweka pesa inakatwa. Kwani huko kwenu Mombasa jahazi ni nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia jahazi ni chombo cha mbao chenye tanga, kinachokwenda kwa upepo, na kwamba babu zetu walisafiri nacho mpaka Uarabuni na Bara Hindi wakipeleka boriti na kuleta tende. Alisikiliza kwa makini, maana bahari hajaiona maishani mwake. Kisha akauliza, "Sasa hiyo jahazi inaokolewa namna gani?"

Nikasema, "Likipigwa na dhoruba likaanza kuzama, mabaharia hutupa shehena baharini ili lielee."

Mzee akafikiri, akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Kwa hivyo nyinyi mkitaka kuokoa jahazi mnapunguza mzigo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi sisi huku tunaongeza."

Nikacheka sana, na mzee naye akacheka. Mpwa wangu peke yake hakucheka. Aliendelea kubonyeza ile simu, kichwa amekiinamisha.

MANENO YETU, BIASHARA YAO

Usiku nilipolala, mvua ikipiga mabati bila kukoma, maneno ya mzee yule yalinirudia. Nikaanza kuhesabu. "Okoa Jahazi" ni jina la mkopo wa muda wa maongezi wa kampuni ya Safaricom, unaotozwa asilimia kumi. "M-Shwari" ni akiba na mkopo kwa simu. "Fuliza" ni huduma ya kukukopesha pale fedha zako zisipotosha unapotaka kulipa. "Sambaza" ni kumgawia mwenzio salio. Yote ni Kiswahili safi, na mengine yamevuliwa katika bahari yetu hii hii.

Watu wa Pwani tunajua shwari ni nini. Ni bahari iliyotulia, haina wimbi. Lakini nahodha wa chombo cha tanga haombi shwari, kwa kuwa shwari ni kukosa upepo, na chombo kisicho na upepo hakiendi popote hata kama hakizami. Kufuliza nako ni kuendelea bila kusita, kama ilivyofuliza mvua ya Kericho usiku ule. Neno lenyewe halisemi kama kinachoendelea ni heri au ni shari. Aliyechagua majina hayo alikijua Kiswahili. Huku bara, mtoto wa shule hulijua neno shwari kwa njia ya mkopo kabla hajalijua kwa njia ya bahari.

Sisemi haya kwa husuda. Lugha ni ya wote, na asiyetaka lugha yake itumiwe na wengine basi na anyamaze. Lakini ukitaka kufahamu jinsi makampuni makubwa ya teknolojia yanavyokua, yaangalie majina hayo kwa mpangilio wa miaka. Utaona kwamba kila bidhaa mpya imezaliwa na ile iliyotangulia.

ILIVYOANZA MPAKA ILIPOFIKA

Mambo yalianza hivi. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, yenye hisa katika Safaricom, ilianza jaribio dogo nchini Kenya kwa kusaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Nia ilikuwa kuwawezesha watu waliokopeshwa na shirika la Faulu kurudisha mikopo yao kwa simu. Waliojaribiwa walikuwa mia kadhaa tu. Lakini watu wale wakafanya jambo ambalo wenye kampuni hawakulipanga: wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Aliyeko mjini alimtumia mamaye wa kijijini, na aliyepungukiwa alitumiwa na rafikiye. Wakati huo tayari Wakenya walikuwa wakitumiana salio la simu na kulifanya kama sarafu.

Kampuni ikaona. Machi 2007 M-Pesa ikaanzishwa rasmi, na wito wake mkubwa haukuwa kulipa mikopo tena, bali kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka ule kwisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja.

Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Hatua ya pili ilitokana na daftari. Mtu akituma na kupokea fedha kwa miaka mitano, kampuni hujua analipwa lini, anatuma kiasi gani, na tarehe gani mfuko wake huwa mtupu. Novemba 2012, kwa ushirika na benki ya Commercial Bank of Africa, ikaja M-Shwari: mkopo wa siku thelathini kwa asilimia saba na nusu, bila kuweka shamba rehani, bila mdhamini, bila kwenda benki. Rehani ilikuwa ile historia ya mtu iliyomo ndani ya simu.

Hatua ya tatu ilitokana na jambo dogo zaidi. Kila siku watu wengi walijaribu kulipa wakaambiwa kwamba salio halitoshi. Kwa mtu mwingine hayo ni mashaka, lakini kwa mfanyabiashara mwenye macho huo ni mlango. Januari 2019 Fuliza ikafunguliwa. Ukipungukiwa, unakopeshwa pale pale unapolipa, na fedha nyingine zikiingia katika simu yako deni hujikata lenyewe.

Sasa tazama matokeo. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2022, M-Pesa iliiletea Safaricom zaidi ya shilingi bilioni 107, hali maongezi ya simu, ambayo ndiyo biashara kampuni iliyoanza nayo, yalileta bilioni 83 hivi. Katika mwaka uliokwisha Machi 2025, M-Pesa ilipita bilioni 160. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba zenyewe ni ada za shilingi chache chache, kutoka kwa mchuma chai wa Bomet mpaka kwa mvuvi wa Lamu.

Wala si Kenya peke yake. Amazon ya Marekani ilianza kwa kuuza vitabu mwaka 1995, ikajenga mitambo ya kompyuta kwa haja zake, kisha mwaka 2006 ikaanza kuwakodishia wengine mitambo ya namna hiyo, na leo kukodisha huko ni nguzo yake kubwa ya faida. Google ilianza mwaka 1998 kwa kutafuta habari tu. Mwaka 2005 ikainunua Android, na sasa simu nyingi duniani zinaendeshwa kwa programu hiyo. Facebook ilipoona watu wanahamia WhatsApp, mwaka 2014 iliinunua kwa mabilioni ya dola. Njia ni ile ile: pata watu wengi kwa jambo moja, angalia wanahangaika wapi, kisha jenga duka mahali pale pale wanapohangaikia.

PENGO LA MKULIMA

Kesho yake nilifuatana na mke wa mpwa wangu shambani, halafu kituoni. Alichuma majani mawili na chipukizi lake, kwa mikono miwili, upesi kuliko macho yangu yalivyoweza kufuata. Saa saba tulibeba magunia kwenda kituo cha kununulia majani. Karani akayatundika kwenye mizani ya elektroniki, ikatoa risiti ya karatasi yenye jina, nambari na kilo. Alikuwa na kilo ishirini na mbili.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hizi utalipwa lini?"

Akanieleza kwa upole. Mkulima mdogo anayeuza kupitia KTDA hulipwa mara mbili kwa majani yale yale. Kila mwezi hupata malipo ya kwanza, ambayo ni madogo. Hesabu za mwaka hufungwa mwisho wa Juni, na mnamo Oktoba huja bonasi, ambayo ndiyo fedha yenyewe. Na bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida huwa chini ya ile ya mashariki, kwa kuwa chai ya huku hupata bei ndogo katika mnada, mnada huo huo wa Mombasa ambao mimi nimekula mshahara wake miaka ishirini na sita.

Hapo ndipo nilipofahamu. Mtoto anaugua Aprili, karo inadaiwa Mei, mbolea haingoji, na fedha ni ya Oktoba. Pengo hilo lilikuwako kabla ya simu kuzaliwa. Zamani lilizibwa na mwenye duka aliyeandika katika daftari, na shemeji, na chama cha akina mama. Simu haikuleta umaskini, na anayesema hivyo anaionea. Zamani kijana wa hapa aliyefanya kazi mjini alimpa dereva wa basi bahasha, akaomba Mungu ifike. Leo mamaye hupata fedha kabla hajamaliza kuepua sufuria. Na huyu mke wa mpwa wangu aliniambia kwamba tangu alipwe kwa jina lake, hakuna anayemhesabia senti zake.

Lakini kila neema huja na mlango wake wa nyuma. Mwezi wa Mei 2023, wafanyakazi na vijana wa Kericho walizichoma moto mashine za kuchumia chai katika mashamba makubwa, wakisema zinawanyang'anya kazi. Mashine ina kishindo, kila mtu huiona inapokuja. Deni la simu halina kishindo. Huingia mfukoni usiku, mke amelala, watoto wamelala, mtu na kidole chake.

LILILOMPATA MPWA WANGU

Jioni ile tulikwenda naye kutembea mpaka mtoni, akanifunulia moyo. Mwezi wa Aprili mtoto wao wa pili aliugua kifua. Kwa haya ya kumwomba mkwewe, na kwa haya ya kuniomba mimi, alipakua katika simu programu moja ya mikopo iliyotangazwa katika intaneti. Aliomba shilingi 5,000, akapokea 4,000, akatakiwa kulipa 5,000 baada ya siku kumi na nne. Siku zilipotimia hakuwa nazo. Akapakua programu ya pili ili ailipe ya kwanza. Akafuliza hivyo hivyo. Kufikia Agosti alikuwa anadaiwa shilingi 23,400, na kile alichokitia mfukoni kwa kweli hakikufika nusu yake.

"Na mimi walinipataje?" nikamwuliza.

"Mjomba, unapoifungua ile programu inakuuliza kama unairuhusu kuona majina yaliyomo katika simu yako. Nikabonyeza ndiyo. Nilitaka pesa, sikusoma."

Ndugu msomaji, shika neno hili, huenda likamsaidia mwanao. Machi 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Kila mmoja wao lazima awe na leseni, na ni marufuku kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Orodha ya wenye leseni hutangazwa wazi. Kwa msaada wa kijana mmoja mwalimu tuliitafuta, na majina ya wale wawili hatukuyaona ndani yake. Fedha walizotoa walizidai, lakini haki ya kumwita mtu mwizi mbele ya mjombake hawakuwa nayo.

Kwetu sisi kuna na jambo la riba, ambalo halitaki maelezo marefu. Babu zetu wafanyabiashara walipeleka fedha kwa hundi na hawala kutoka Lamu mpaka Maskati na Bombay, kwa karatasi na kwa neno la mtu, muda mrefu kabla ya waya wowote. Kutuma fedha bila kuibeba si jambo geni Pwani. Kilichoongezwa ni ziada juu ya mkopo, nayo hata ikiitwa ada, kila mtu na aulize wanavyuoni wake. Soko nalo limesikia: Gulf African Bank, iliyoanza kazi mwaka 2008 kwa misingi ya sharia, ilileta mwaka 2023 huduma iitwayo Halal Pesa kupitia M-Pesa. Nalisema hili si kwa kuitangazia biashara, bali kuonyesha kwamba hata dhamiri yetu imeonekana kuwa ni pengo linaloweza kujengewa duka.

KARATASI MOJA

Mpwa wangu alikuwa na ombi. Alitaka nikope kwa simu yangu, kwa kuwa mimi sijawahi kukosa kulipa, na kiwango ninachoruhusiwa ni kikubwa. Kisha yeye anilipe Oktoba. Sitaficha kwamba nilishawishika. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na aibu ingekwisha siku ile ile. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya simu.

Kilichonizuia ni yule mzee na fimbo yake. Sisi huku tunaongeza.

Nilikuwa na fedha nyingine, nilizoziweka kidogo kidogo kwa miaka minne kwa ajili ya Umra. Nililala nikizifikiri. Asubuhi nikamwambia mpwa wangu: nitakukopesha hizo, bila hata senti ya ziada, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, mkeo ajue yote leo, kwa kuwa bonasi ni jasho lake. La pili, tutaandikiana.

La kwanza lilikuwa gumu. Mke alisikiliza mpaka mwisho, kimya, akiwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Kisha akasema, "Umeogopa kumwambia baba yangu, ukamwambia mtu usiyemjua ndani ya simu." Hakusema jingine siku ile, na hakukuwa na haja.

La pili lilikuwa jepesi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Tuliandika kwa kalamu, ukurasa mmoja wa daftari la shule: kiasi, tarehe, na nini kifanyike bonasi ikipungua. Imamu wa mjini alishuhudia, na jirani Mwislamu akashuhudia. Baba mkwe naye aliomba kutia kidole chake, akisema kwamba kwao pia ng'ombe wa mkopo hatolewi bila watu kuona. Tukamsomea kila mstari, akaitikia.

Nilitazama karatasi ile nikafikiri. Simu nayo huandika kila kitu, kwa usahihi kuliko kalamu yoyote. Lakini huiandikia kampuni. Mkopaji huona kitufe tu, na maneno mengi madogo chini yake ambayo hayasomi. Katika karatasi yetu kila aliyetia saini alijua kilichoandikwa, na kila mmoja angeona haya mbele ya mwenziwe. Haya hiyo ilikuwa kati yetu sisi tunaojuana, wala haikuwa ya kutangazwa na mgeni kwa simu.

Madeni yale mawili yalilipwa siku hiyo, na programu zote mbili zikafutwa.

OKTOBA

Bonasi ilikuja Oktoba, na haikuwa nono. Mke wa mpwa wangu alinipigia mwenyewe. "Mjomba, nimekutumia nusu. Nusu nyingine ni Desemba, kama tulivyoandika." Dakika ile ile simu yangu ikalia mlio wake, shilingi 11,700 zikaingia, nami niko barazani pale pale, Litein mpaka Mombasa bila dereva wala bahasha. Bila shaka kampuni ilipata ada yake katika kutuma huko. Sikuionea choyo, kazi iliifanya.

Desemba ilipofika nusu ya pili nayo ikaja, pungufu ya shilingi mia tano, na mia tano hizo zikaletwa Januari. Umra yangu imesogea mbele mwaka mmoja, Inshallah.

Makampuni haya yataendelea kukua. Kesho watabuni jingine, nalo litapewa jina tamu, labda la bahari yetu tena, na litakuwa na manufaa yake. Mimi sikatazi mtu. Nakumbusha tu kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na kwamba kila duka jipya ndani ya simu limejengwa mahali ambapo mtu fulani alikwama akaona haya kumwambia jirani yake. Basi tuwaulize vijana wetu hali zao kabla simu haijawauliza.

Baba mkwe alinipa mkono siku ya kuondoka, akanipa na furushi la majani ya chai. Akasema siku moja atakuja Mombasa, si kwa jambo kubwa, ila anataka kuliona hilo jahazi.

Nimemwahidi nitampeleka Bandari ya Kale. Yamebaki machache, lakini namwomba Mungu siku hiyo tulikute moja limefunga gatini, linashusha mzigo.